Ndege ndogo zinatafuta vijana

Siku ya posho iliyopita tulitoka na ndege ndani ya sasheti, tukaenda nayo Katuba. Si ndege ya kununua. Mabawa yake ni ya frigolite, ile nyeupe inayofunika televizyo mupya ndani ya kartoni. Mgongo wake ni kijiti cha bambu. Ku pua tulibandika udongo kidogo. Uzito wake wote haufiki ule wa yai moja la kuku.

Watoto walikuwa ndani ya lupango, wanasukuma mituka yao ya nsinga. Kila msomaji wa Lubumbashi anaijua ile mituka: usukani mrefu mpaka kifuani, magurudumu ya vifuniko vya chupa, na wakati mwingine hata shokapsoba. Mmoja wao, miaka yake kama 12, aliacha mutuka wake chini, akaangalia ndege yetu juu na chini sawa mtu anayenunua mbuzi.

— Papa, ile ndeke haiko na moteri. Itaruka namna gani?

— Utaona.

Hakuona kitu. Mara ya kwanza ndege ilipanda, ikasimama hewani sawa mtu aliyesahau njia, kiisha ikaanguka chini sawa embe. Watoto walicheka sana. Tuliongeza udongo ku pua. Mara ya pili ilikwenda vizuri kidogo, lakini ikageuka kuume na kupiga ukuta. Tukanyoosha bawa. Mara ya tatu yule kijana akasema: « Leta, mi njo nitupe. » Akaitupa polepole, mkono ukiwa sawasawa na bega, si kama mtu anayetupa jiwe. Ndege ikaenda. Ikapita juu ya kamba ya nguo, ikapita ukuta, ikatua kwa jirani karibu na sufuria ya sombe.

— Mutanilipa sombe yangu! mama wa kule akapaza sauti.

Lakini wakati tulifika kuomba msamaha, tulimukuta ameshika ndege mkononi, anaigeuzageuza.

— Nani aliitengeneza?

Tunaanza na habari hii juu ya swali la yule mama. Hakuuliza bei, wala inchi gani inatoka. Aliuliza nani aliitengeneza. Wale wanaopenda mchezo huu, kule Ulaya na Amerika, wanatafuta swali hilo ndani ya vinywa vya vijana wao, na siku hizi hawalisikii mara mingi.

Vichwa vyeupe ku kiwanja

Mchezo wenyewe, ndugu zetu wanaosoma kurasa za Kifaransa za gazeti hili wanaujua kwa jina la aéromodélisme: kutengeneza na kurusha ndege ndogo zisizobeba mtu. Ziko za namna mingi. Kuna zile zisizo na moteri, unatupa na mkono. Kuna zile za lastiki: unapindisha lastiki mara mia na zaidi, unaachilia, propela inazunguka. Kuna zile zinazofungwa ku nsinga mbili, mwenyewe anasimama katikati na ndege inamuzunguka sawa mbwa ku kamba. Kuna za telekomande, zenye moteri ya mafuta ao ya betri. Na kuna wengine, hao tunawaheshimu sana, wanaorusha ndani ya majumba makubwa yaliyofungwa ndege za lastiki zisizofika gramu mbili. Karatasi moja ya fotokopi inaipita ndege hiyo uzito mara mbili. Unaitupa, unakaa, unangojea. Inaweza kuzunguka hewani zaidi ya nusu saa kwa nguvu ya lastiki moja.

Marekani iko na shirika lake, Academy of Model Aeronautics, tangu mwaka 1936. Ufaransa iko na federasyo yake. Ubelgiji iko na mbili, moja ya wanaosema Kifaransa na moja ya wanaosema Kiflama, vile kawaida ya kwao. Juu ya wote kuna FAI, shirika la dunia la michezo ya anga, makao yake Lausanne, ambalo linafanya hata mashindano ya dunia ya vijana peke yao. Kwa hiyo mpango uko, makuta yako, viwanja viko. Kinachokosekana ni watoto. Fika ku kiwanja cha klabu moja ya Ulaya siku ya Mungu asubuhi: utaona meza, viti vya kukunja, termosi za kahawa, ndege za ajabu zilizopakwa rangi vizuri, na vichwa vyeupe. Wazee walioanza wakiwa na miaka kumi, wakati wa utoto wao, balsa na karatasi na kole vilipokuwa mchezo wa kila kijana. Wanapokufa, ndege zao zinabaki ndani ya garaji, wajane hawajui wampe nani.

Wengi wa wazee hao wanasema: « Ni telefone. Vijana hawataki tena kutumia mikono. » Sisi hatukubali vile. Hata hapa tunasikia maneno hayo hayo juu ya kila kitu, toka kilimo mpaka kwaya ya kanisa. Ukweli ni kwamba kijana anayekaa saa tatu anarekebisha picha ya video ku telefone iko na uvumilivu mwingi. Anakosa mlango tu. Kiwanja kiko mbali na mji, juu ya kelele na juu ya ndege kubwa, na yeye hana mutuka. Ndege nzuri na telekomande yake inapita dolari mia moja, na mara ya kwanza inaweza kuvunjika kwa dakika moja. Sheria zimeongezeka tangu drone zilienea: Ulaya sasa, ukirusha kitu kinachopita gramu 250, ao chenye kamera, unapaswa kujiandikisha. Na zaidi ya yote, kuna ule mzee wa klabu ambaye neno lake la kwanza kwa mtoto ni: « Usiguse. »

Mtoto haguse, ni kweli. Na siku ya Mungu inayofuata harudi.

Kijana wa miaka 21

Mchezo huu haukuwa wa wazee hata kidogo. Alphonse Pénaud alikuwa Mfaransa, mtoto wa mkubwa wa jeshi la maji. Alitaka kufuata kazi ya baba yake lakini ugonjwa wa nyonga ulimuzuia. Tarehe 18 Agosti 1871, ndani ya bustani ya Tuileries ku Paris, mbele ya watu wenye elimu, alirusha ndege ndogo ya lastiki aliyoiita Planophore. Iliruka sekunde 11 na kupita mita 40. Leo mtu atacheka. Lakini wakati ule hakuna mtu aliyekuwa amerusha mbele ya watu kitu chenye mabawa yasiyotikisika, kinachojisimamisha chenyewe hewani, bila kupinduka. Siri yake ilikuwa mkia: Pénaud aliweka bawa dogo nyuma, limeinama kidogo, na bawa hilo ndilo linarudisha pua kila mara inapotaka kupanda ao kushuka. Ndege inayotua Luano usiku wa leo inabeba ule mkia. Pénaud alikuwa na miaka 21.

Kesho yake, tarehe 19 Agosti 1871, ng'ambo ya bahari, ku Dayton, mtoto alizaliwa jina lake Orville Wright. Hatusemi kwamba mmoja aliita mwengine. Sisi tunapenda tu kuona namna tarehe zinavyokaa jirani. Mwaka 1878 baba yao, askofu wa kanisa, alirudi toka safari na kamchezo ndani ya mikono yake: helikopta ya lastiki, ya bambu, liège na karatasi, iliyofuata mpango wa Pénaud. Wilbur alikuwa na miaka 11, Orville 7. Waliirusha mpaka ikavunjika. Kiisha wakatengeneza ingine wenyewe, na ingine, na ingine kubwa zaidi. Walishangaa kuona kwamba ile kubwa hairuki vizuri sawa ile ndogo. Tarehe 17 Desemba 1903 Orville alipanda juu ya ndege yao ya kweli na kukaa hewani sekunde 12. Sekunde moja tu zaidi ya ile ya lastiki.

Kwa hiyo kama mzazi anatuuliza ndege ya frigolite inaleta nini ku nyumba, tunamujibu na habari ya baba wa Wright. Hakununua masomo ya watoto wake. Alileta kamchezo, kakavunjika. Kile kilikuja nyuma kilitoka ndani ya kule kuvunjika.

Tusiwadharau wazee pia. Mwaka 2003, mwezi wa Agosti, Mmarekani Maynard Hill, miaka yake 77, macho yake karibu hayaone tena, alirusha toka Newfoundland ku Canada ndege ya balsa isiyofika kilo tano, ikavuka bahari ya Atlantiki peke yake na kutua Ireland kisha saa 38 na dakika 52. Ilikuwa ya tano. Zile za mbele zilipotea.   Mzee sawa yule, ungemuweka karibu na mtoto wa miaka 12 siku moja tu, mtoto hangesahau.

Namna ya kufungua mlango

Wale waliofaulu kuvuta vijana, wengi wao ku masomo na ndani ya klabu ndogo, hawakufanya mambo ya ajabu. Marekani, shirika la kule halilipishi vijana wasiofika miaka 19. Ndani ya mashindano ya sayansi ya masomo ya kule kuna ya kutengeneza ndege ya lastiki. Wanafunzi wanajaribu propela, wanaandika sekunde ndani ya daftari, wanarudi. Ufaransa, mwanafunzi anaweza kufanya ku masomo yake brevet ya kwanza ya mambo ya anga, BIA. Hayo yote ni mazuri. Lakini mtoto havutwi na mpango. Anavutwa na ile dakika moja ambayo kitu alichotengeneza kinaacha mkono wake na hakianguki.

Dakika ile inapaswa kuja siku ya kwanza. Si juma la tatu, kisha kusikiliza mafundisho juu ya usalama na historia. Ndege rahisi inayotengenezwa kwa saa moja na kuruka sekunde tano inashinda ndege ya ajabu itakayomalizika Pasaka.

Kwa upande wa telekomande, kuna kitu wanaita double commande: mwalimu iko na telekomande yake, mwanafunzi yake, na mwalimu anaachilia ao kurudisha uongozi kwa kufinya kidude kimoja. Ndege ikianza kuanguka, mwalimu anaikamata. Ni sawa vile mtu anafundisha kinga: anashika kiti nyuma bila mtoto kujua aliachilia saa gani. Kuna pia programu za kompyuta ambazo kijana anavunja ndege mia moja bila kulipa hata franka. Hapa telefone si adui. Mtoto aliyezoea kucheza na vidole viwili anajifunza kwa siku mbili kitu ambacho mzee alijifunza kwa mwaka.

Lakini siku ndege ya kweli itaanguka, na itaanguka, kila kitu kinategemea mkubwa aliye pembeni. Akisema « Nilikuambia! », imekwisha. Akiinama kuokota vipande, akasema « Leta kole », mtoto anakaa. Tumeona hivyo hata Katuba. Wale watoto hawakucheka tena mara ya pili, kwa sababu mara ya pili walikuwa wanaangalia bawa gani limepinda.

Na wasichana? Siku ile walikuwa wawili, wamesimama nyuma karibu na mlango. Hakuna aliyewakataza, hakuna aliyewaita. Tulipompa mmoja wao ndege, aliitupa vizuri kuliko kaka yake, kwa sababu alikuwa ameangalia makosa ya wote mbele yake. Mwalimu anayetaka kuanza, aanze na kuita wale walio karibu na mlango.

Kwa wale wanaotaka kujaribu

Tunajua wasomaji wetu: wengine wamekwisha kutafuta frigolite ndani ya nyumba. Basi tuseme vile tulifanya. Kata bawa moja refu la sentimita 40 na pana sentimita 8, unene wake kama nusu sentimita. Tumia wembe mupya. Kisu kinapasua frigolite vipande vipande na mama ya nyumba atakasirika juu ya ule uchafu mweupe usiofagiliwa. Kata bawa katikati, kiisha bandika sehemu mbili tena kwa namna ncha zote mbili zinapanda juu ya meza sentimita tatu ao nne, sawa mabawa ya ndege mwewe akizunguka. Bila hiyo, ndege itainama upande mmoja na kutorudi.

Kijiti cha bambu cha sentimita 35 ndio mgongo. Bawa linakaa juu yake, ukingo wa mbele ukiwa sentimita 10 toka pua. Nyuma kabisa bandika mkia wa sentimita 14 kwa 5, na juu yake kipande kidogo kilichosimama. Pua ifunikwe na udongo, mviringo, isiwe na ncha: macho ya watoto hayauzwi ku soko.

Angalisho juu ya kole. Ile kole kali ya kushona viatu, na ile inayokauka kwa sekunde, zinakula frigolite. Utaona tundu tu pahali ulibandika. Petroli vilevile. Chukua kole nyeupe ya menuisier na ungojee usiku muzima. Tulimuambia yule kijana hivyo, naye alituangalia na huruma. « Usiku muzima, papa? »

Kiisha, shika ndege na vidole viwili chini ya mabawa, sentimita mbili na nusu nyuma ya ukingo wa mbele. Isimame sawasawa. Mkia ukishuka, ongeza udongo ku pua. Pua ikishuka, punguza. Unapoitupa, usielekeze juu. Tupa mbele, kidogo chini, kwa mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Ikipanda na kusimama, ongeza udongo. Ikikimbilia chini, punguza udongo ao inua kidogo ukingo wa nyuma wa mkia. Ikigeuka, angalia bawa limepinda fasi gani. Badilisha kitu kimoja kwa mara moja, kisha tupa tena. Ukibadilisha vitu vitatu pamoja, hutajua kipi kilikusaidia, na hilo si la ndege peke yake, kila makanika wa kartié anajua.

Ikisharuka vizuri, unaweza kuivuta na lastiki iliyokatwa ku shambrere ya kinga, fasi ya wazi, bila mtu mbele. Ndege yetu ilipanda mpaka juu ya paa. Kule ndiko iko mpaka sasa.

Kwa upande wa mbao, hatuna balsa. Ile nyingi ya dunia inatoka Ecuador. Lakini kule kwa ndugu zetu wa misitu kuna parasolier, mti unaoota haraka fasi yoyote shamba limeachwa, na mbao yake ni nyepesi sana. Wavuvi wanaitumia kwa vyelezo vya nyavu. Tungependa kuona kijana wa Kisangani akitengeneza mgongo wa ndege na mti huo. Na kule Goma, pahali vijana wanachonga chukudu nzima kwa panga na patasi, mtu asituambie mikono inakosekana.

Anga si ya mchezo

Sasa tuseme kitu kigumu. Ndani ya inchi yetu, kitu kinachoruka si kitu cha kucheka. Mwezi wa Desemba 2013 drone za kwanza za Umoja wa Mataifa zilianza kazi ku Goma. Tangu siku ile mpaka leo, kule Mashariki, watoto wengi wanaijua sauti ya drone kama sauti ya vita. Kuna drone zingine pia, zile zilizobeba chanjo ku mkoa wa Équateur toka Mbandaka, na kwa jirani zetu wa Rwanda zinazobeba damu ya hospitali tangu 2016, kazi ambayo vijana wa kule wanaiongoza wenyewe. Malawi, ku Lilongwe, mwaka 2020 masomo ya drone kwa vijana wa Afrika yalifunguliwa. Lakini askari aliye ku barriere hawezi kujua, akiangalia juu, kama ile inabeba chanjo ao kitu kingine.

Mmoja wetu alileta toka Ulaya ndege ya telekomande, bila kamera. Alipeleka ku kiwanja kimoja, hatutasema mji gani. Dakika kumi hazikuisha, mtu wa uniforme alifika. Saa tatu za maelezo. Ndege ilibaki kule. Tulikasirika sana wakati ule, na bado kidogo. Lakini tukijiweka fasi ya yule mtu, ndani ya inchi yenye vita, na kitu kinapiga kelele juu ya kichwa chake, je, sisi tungefanya nini?

Ndio maana tunasema: hapa kwetu vijana waanze na ndege isiyo na moteri, isiyo na kamera, isiyo na redio. Inaruka mita ishirini, kila mtu anaona ni frigolite. Wasiende karibu na Luano wala karibu na kambi. Mwalimu aambie shefu wa kartié mbele ya kuanza, na amualike aje kutupa moja. Kwa drone na telekomande kubwa, ruhusa ya serkali inatakiwa, na tunaomba wale wa Autorité de l'Aviation Civile wafikirie siku moja kiwanja kimoja tu, ndani ya kila mji mkubwa, pahali mwanafunzi wa teknike anaweza kurusha bila kuogopa. Hatuombi zaidi. Betri za lithium nazo, yule atakayefika mpaka pale, asizichaji usiku akiwa amelala: zinaweza kuwaka moto.

Wengine watasema inchi iko na njaa na sisi tunaandika juu ya michezo. Tumesikia. Inchi hii iko na upana wa kilomita za mraba zaidi ya milioni mbili na barabara chache. Mwaka 1925 Mbelgiji Edmond Thieffry alitumia siku 51 kufika Léopoldville na ndege toka Brussels, na karne moja nyuma yake, kuna vituo vyetu vingi ambavyo mtu havifikii bila ndege. Nani anazitengeneza? Nani anaziongoza? Mwanafunzi wa fizika anaandika neno portance ndani ya daftari, anapata pointi zake, na hajashika bawa hata siku moja. Mhandisi Keka, ku Menkao karibu na Kinshasa, alijaribu kurusha roketi zake za Troposphère. Ile ya mwaka 2009 ilikwenda vibaya, na wengi walimucheka. Sisi tunajiuliza ni watoto wangapi walioiona ile video na kusema: mimi ningeweka mkia namna ingine.

Siku ya pili tulirudi Katuba kuangalia kama ndege yetu imeshuka ku paa. Haikushuka. Yule kijana alitupokea na yake. Mabawa ya frigolite nene ya frigo, mgongo wa nsinga, na chini, kwa sababu yeye ni fundi wa mituka, magurudumu manne ya vifuniko vya chupa. Ilikuwa nzito sana. Aliitupa, ikaanguka miguuni pake. Akaitupa tena. Akaanguka kimya kidogo, akaipima na vidole viwili vile tulimuonyesha, kiisha akatuangalia.

— Papa, ni magurudumu, ao?

Hatukujibu. Alikaa chini, akaanza kuyatoa moja moja.